Kipande, matuta na bega kwa bega: nani alieleza kazi ni ya nini?

Ukiwa ripota mdogo katika chumba cha habari unajifunza mapema kwamba kuna swali moja halipendwi. Unapangiwa kwenda kwenye ufunguzi wa semina, unakaa saa tatu ukimsubiri mgeni rasmi, unaandika aya sita ambazo pengine hazitatoka. Ukiuliza hii stori ni ya nini, unaambiwa nenda, utajua huko huko. Rafiki zangu walimu wananiambia kwao ni hivyo hivyo: ripoti nakala tatu, moja ya ofisi, moja ya wilaya, na moja ambayo hakuna anayejua inakoishia. Wauguzi nao wana rejista zao. Mwenye kuuliza anaitwa mjuaji, au mvivu, au mtu wa chuo kikuu (hilo la mwisho kwetu limekuwa tusi siku hizi).

Sasa mimi si mtu wa kulalamika tu, nikapenda kujua hili swali lina umri gani. Nikaanza kusoma, na kila nilipogeuka nikajikuta narudi sehemu zile zile mbili, Korogwe na Handeni. Ukitoka Korogwe mjini ukavuka Mto Pangani kuelekea Handeni, njia ambayo sasa ni lami, unapita katika nchi ambayo watu wake wamepangiwa kazi na mabwana wa kila aina kwa zaidi ya miaka 100: Mjerumani, Mwingereza, mwenye shamba la mkonge, bwana shamba, katibu wa chama. Sijui kama kuna mahali pengine Tanzania ambapo watu wamepewa maagizo mengi ya kazi namna ile.

Nianze na maneno, maana kazi yangu ni maneno. Katika Kiswahili kazi za zamani jina lake linaeleza kitu kinachofanyika. Mvuvi anavua, mfinyanzi anafinyanga, mkulima analima. Halafu ukafika wakati tukapata majina ya kazi ya aina nyingine. Kibarua ni barua ndogo, yaani kijikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya kutwa huko pwani katika karne ya 19, mara nyingi mtumwa aliyekodishwa na bwana wake, kuonyesha kwamba siku yake imehesabiwa. Kipande ni kipande cha kadi. Manamba ni namba, kwa sababu mtu aliyeandikishwa kwenda kwenye mkonge alipewa namba na akaitwa kwa hiyo namba. Maneno yote matatu yanakwambia mtu huyu amehesabiwaje. Anatengeneza nini, na kwa ajili ya nani, hakuna hata moja linalosema. Nadhani waliotunga maneno haya, ambao ni wafanyakazi wenyewe, walijua wanachokisema.

Tuje kwenye kadi. Mwaka 1907 katika wilaya ya Wilhelmstal, ambayo ndiyo Lushoto ya leo, pale juu ya Korogwe, Wajerumani walianzisha mtindo wa kadi. Kila mwanamume mzima alipewa kadi iliyomtaka amfanyie kazi mzungu siku 30 katika kila miezi minne, kwa ujira uliopangwa. Asiyeijaza kadi yake alikamatwa na kupelekwa kwenye kazi za serikali. Kodi ya nyumba ilikwishakuwepo tangu mwaka 1898, na ilidhaniwa kwamba kodi peke yake ingewatoa watu majumbani. Haikutosha. Walowezi walilia kwamba hawapati watu, na wenyeji wakawa wanaitwa wavivu katika barua na ripoti.

Hapa naomba tusimame kidogo. Wale walioitwa wavivu walikuwa na mashamba. Walikuwa na migomba, mahindi, muhogo, mifereji ya maji huko milimani. Wengi walitafuta fedha ya kodi kwa kuuza chakula, na baadaye mashamba ya mkonge yalipojaa watu wa mbali, watu hao walikula chakula kilicholimwa na wenyeji wa karibu. Mtu anayemlisha mfanyakazi wako huwezi kumwita mvivu kwa haki. Lakini kazi yake haikuwa na kadi, kwa hiyo machoni mwa ofisi haikuwa kazi.

Mkonge wenyewe si wa kwetu. Mwaka 1893 Dk. Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikazunguka kupitia Hamburg, na iliyofika hai Tanga ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo 62 ndiyo mashamba yakaanza. Reli ya kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, na kila ilipopita mkonge ulifuata. Ukipanda basi leo kutoka Segera hadi Mombo unaona bado mistari yake, mingine imetunzwa, mingine imemezwa na pori.

Kazi ya mkonge inakwenda hivi. Mkataji anaingia kwenye mstari asubuhi na mapema, anakata majani ya chini, anaondoa mwiba wa nchani, anafunga mafungu ya majani 30, anayabeba hadi pembeni, pale yanapopakiwa kwenye toroli kwenda kiwandani. Kiwanda wenyeji wanakiita korona, jina lililotokana na mashine za mwanzo. Korona inaponda jani na kukwangua nyama yake, zinabaki nyuzi ambazo ni kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani, nyingine yote ni maji na makapi yanayotupwa. Nyuzi zinaanikwa juani, zinapigwa brashi, zinafungwa robota, zinapanda treni kwenda Tanga bandarini.

Na baada ya Tanga? Hapo ndipo nilipotaka kufika. Sehemu kubwa ya mkonge wa Tanganyika ilikwenda kusokotwa kamba za kufungia mavuno, ngano na majani ya ng'ombe, katika mashamba ya Ulaya na Marekani. Mmakonde aliyekuwa akikata mkonge Ngombezi alikuwa akimsaidia mkulima wa Marekani kufunga nyasi zake. Bei ilipanda sana wakati wa vita ya Korea, mwanzoni mwa miaka ya 1950, kisha ikashuka, kisha ikapanda tena mwaka 1963. Kila kupanda na kushuka kule kulibadilisha maisha kambini: watu wangapi waandikwe, kazi ya siku iwe kubwa kiasi gani, nani arudishwe kwao. Na mkataji katika mstari hakuwa na namna ya kujua chochote katika hayo. Alijua idadi ya mafungu.

Chini ya Waingereza kipande kilichukua sura ambayo wazee bado wanaikumbuka. Ilikuwa kadi ya nafasi 30. Ukimaliza kazi uliyopimiwa, nyapara au karani anaweka alama. Usipomaliza, siku hiyo haihesabiwi hata kama umetoka jasho hadi saa nane. Mshahara ulilipwa alama 30 zikitimia, na kwa mtu mgonjwa au dhaifu alama 30 zilichukua siku 40 na zaidi. Kwa hiyo "mwezi" wa mkonge haukuwa mwezi wa kalenda. Idara ya Kazi iliundwa mwaka 1926 ikiongozwa na Meja Orde-Browne kusimamia hali za wafanyakazi, na mwaka 1931 mdororo wa uchumi ulipobana serikali ikaifunga kubana matumizi. Yaani katika kutafuta kazi isiyo na maana serikalini, walianza na ile ya kukagua maslahi ya wafanyakazi!

Mzee mmoja wa Korogwe, mtoto wa manamba aliyetoka Kigoma, nilimwamkia na kumuuliza baba yake alikuwa akisimulia nini kuhusu kazi ile. Nilitegemea habari za miiba, jua na nyoka. Akanijibu kwamba hayo baba yake aliyachukulia kuwa ya kawaida, maana kulima ni kugumu popote, mjukuu wangu. Kilichomkaa moyoni hadi anakufa ni alama. Kwamba mtu mwingine anaangalia mafungu yako na kusema hayatoshi, na hasemi kwa nini jana yalitosha.

Ndiyo maana sishangai kwamba wafanyakazi wa mkonge walipopata chama chao katika miaka ya 1950, madai hayakuwa ya shilingi peke yake. Shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL, liliundwa mwaka 1955, na chama cha wafanyakazi wa mashamba kikaenea haraka kambini. Mwaka 1958 ulitokea mgomo mkubwa Mazinde, hapo hapo Korogwe, ambao ulitikisa tasnia nzima. Mwaka huo huo likawepo baraza la pamoja la wenye mashamba na wafanyakazi. Kwa mara ya kwanza kipimo cha kazi kikawa kitu cha kujadiliwa mezani.

Halafu Uhuru ukaja, pamoja na wimbo wake wa "Uhuru na Kazi". Hapa historia yetu inakuwa chungu kidogo na vitabu vya shule huwa vinaruka. Viongozi wa chama cha wafanyakazi wa mashamba waliendelea kuuliza yale yale waliyokuwa wakimuuliza Mwingereza. Sheria ya mwaka 1962 ikafanya mgomo halali uwe jambo lisilowezekana kwa vitendo. Januari 1963 Victor Mkello, rais wa TFL aliyetoka katika chama cha wafanyakazi wa mashamba, alihamishwa kwa amri na kupelekwa Sumbawanga akiwa na mwenzake Sheha Amiri, kwa kosa la kuchochea migomo isiyo halali katika mkonge. Mwaka uliofuata, baada ya maasi ya jeshi, TFL ikavunjwa na mahali pake ikawekwa NUTA, chama kimoja kilichofungamana na serikali. Serikali ilikuwa na hoja yake, nchi changa, mkonge ndio uliokuwa unaleta fedha za kigeni kuliko zao lolote. Hoja hiyo naielewa. Lakini tazama: mara hii sababu ya kazi ilikuwepo, na ilikuwa nzuri, kujenga nchi. Bado aliyeuliza kuhusu kipimo alijibiwa kwa safari ya Sumbawanga.

Sasa tupande mlimani. Maana mkonge ni habari ya mabonde, na wilaya ya Korogwe ina milima yake pia, kuna Bungu na Vugiri. Baada ya vita ya pili ya dunia Waingereza waliingiwa na hofu ya mmomonyoko wa udongo. Mwaka 1946 wakaanza mpango bonde la Mlalo huko Lushoto, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 ukapanuliwa katika Usambara. Kila kaya iliagizwa kulima matuta katika sehemu ya shamba lake, kuacha kuchoma moto, kutolisha mifugo sehemu fulani. Asiyetii alipelekwa barazani na kutozwa faini.

Kinachonivutia katika kisa cha matuta ni kwamba mzungu hakuwa amekosea kabisa. Udongo ulikuwa unaporomoka kweli. Ukienda leo Usambara utaona. Hapa, tofauti na kamba za Marekani, faida ilikuwa ya mkulima mwenyewe. Basi kwa nini watu walikataa hadi mpango ukaachwa kabla ya Uhuru? Mwanahistoria Steven Feierman, aliyeishi na Wasambaa na kuandika kitabu kuhusu wakulima wenye fikra zao, ameeleza vizuri. Watu walikuwa na njia zao za kulinda udongo, migomba na mazao mchanganyiko yanayofunika ardhi, nazo hazikuhesabiwa. Matuta yalikula muda mwingi, hasa wa wanawake, ambao ndio waliolima. Na kubwa zaidi, watu walijiuliza huyu bwana anataka nini hasa. Mtu aliyechukua mabonde yetu kwa ajili ya mkonge leo anatuamuru tutengeneze mashamba ya milimani yawe mazuri. Yakishakuwa mazuri? Hofu kwamba ardhi ikishatengenezwa itachukuliwa haikuwa ya kijinga. Ilikuwa hitimisho la watu waliokuwa na miaka 50 ya ushahidi. Uluguru nako matuta yalileta ghasia mwaka 1955, na zile zilimwaga damu.

Mabwana shamba walirudi ofisini na kuandika kwamba Wasambaa hawaelewi. Mimi nasema walielewa sana, ila walikuwa wanajibu swali ambalo hawakuulizwa.

Kwa kulinganisha, jirani zao Wapare wana msaragambo. Pembe ikipulizwa watu wanatoka na majembe, na hakuna anayeuliza ya nini, kwa sababu jana yake wote wameuona mfereji umeziba au njia imekatika. Kazi ni ngumu vile vile na asiyefika anatozwa faini vile vile. Sitaki kuipamba sana, wapo waliotumia msaragambo kulimiwa mashamba yao ya uchifu. Ila mfereji unaonekana kwa macho, na maji yake unayanywa.

Handeni nimeiacha hadi sasa kwa makusudi, kwa sababu kwangu mimi ndiko kisa kinakokuwa kizito. Handeni haina milima ya Usambara wala reli. Ni nchi ya Wazigua, ya mvua za kubahatisha, na katika ripoti za kikoloni ni wilaya ya njaa. Njaa ya miaka ya 1890, njaa ya vita ya kwanza, njaa ya miaka ya 1930. Maelezo ya ofisi yalikuwa mepesi: hawalimi vya kutosha. Dawa yake ikawa amri za kulima.

Mwanahistoria James Giblin aliandika kitabu mwaka 1992 kuhusu sehemu hizi, akaonyesha kitu ambacho kilinifanya niweke kitabu chini nifikiri. Kabla ya wakoloni Wazigua walikuwa na kazi nyingi ambazo mgeni hangeziona kuwa ni kazi. Kufyeka pori kwa utaratibu, kuchoma, kupanga wapi ng'ombe wapite na lini, kuweka watu pamoja vijijini chini ya wakubwa waliokuwa na akiba ya chakula. Kwa hayo walimzuia mbung'o na kupe wasizidi, na ng'ombe wao walipata kinga kwa kukutana na maradhi kidogo kidogo. Wakoloni walipovunja nguvu ya wale wakubwa, na kodi na kazi za mashambani zikawatoa wanaume, pori likarudi. Pori likaleta mbung'o, ng'ombe wakafa, watu wakatawanyika, njaa ikafuata. Kisha akaja ofisa akaona pori, njaa na watu waliotawanyika, akaandika kwamba hawa wanahitaji kufundishwa kazi. Alikuwa anatazama matokeo ya kazi zilizosimamishwa, naye hakujua kama ziliwahi kuwepo.

Baada ya Uhuru Handeni ikawa mojawapo ya sehemu zilizojaribiwa mapema mambo ya vijiji. Kabuku kulikuwa na skimu ya makazi yenye zao la mkonge, katika zile skimu za mwanzo zilizotumia fedha nyingi na ambazo Kawawa alitangaza mwaka 1966 kwamba haziendelezwi tena. Halafu Azimio la Arusha, mwaka 1967, na mwaka huo huo Mwalimu akaandika kuhusu ujamaa vijijini, akisisitiza kwamba watu washawishiwe na wasilazimishwe. Hilo aliliandika waziwazi. Ukisoma unaona mtu aliyeelewa kabisa swali letu: kazi ya pamoja itafanywa na watu wanaojua wanajifanyia wenyewe.

Kati ya maandishi yale na shamba la Handeni kulikuwa na ngazi nyingi. Mkoa uliulizwa umefikisha vijiji vingapi. Mkoa ukauliza wilaya. Wilaya ikauliza kata. Kufika chini sababu imeshadondoka njiani, imebaki idadi: ekari kadhaa za shamba la ujamaa, siku kadhaa kwa wiki, mashamba ya bega kwa bega yapangwe mstari mmoja ili mgeni akipita barabarani ayaone. Michaela von Freyhold, mtafiti aliyefanya kazi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kusoma vijiji vya ujamaa vya mkoa wa Tanga, alitoa kitabu chake mwaka 1979. Picha inayotoka humo ni ya wakulima wanaofika shamba la pamoja, wanafanya kidogo, wanarudi kwenye mashamba yao. Viongozi walisema ni ubinafsi au ujinga. Wakulima walikuwa na hesabu yao: mavuno ya mwaka jana yaligawanywaje, fedha ziko wapi, na nani ameamua tulime hili zao katika udongo huu. Mtu asiyejibiwa hayo anapunguza jembe. Anafanya vile vile alivyofanya mkata mkonge aliyeacha kipande nusu akaondoka kambini usiku.

Novemba 1973 ikaja amri kwamba kuishi vijijini sasa ni lazima, hadi mwisho wa 1976 nchi nzima. Mwaka 1974 na 1975 kukawa na ukame na kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona, na sheria ndogo za ekari za lazima zikarudi, zile zile walizozijua babu zao. Aliyekataa aliweza kulala ndani. Sisemi kwamba Mwingereza na TANU ni kitu kimoja, na anayesema hivyo hajui alichofanya Mwalimu katika shule na zahanati za Handeni. Nasema tu kwamba karatasi iliyomfikia mkulima ilifanana sana.

Na cha kushangaza, katika miaka hiyo hiyo chama chenyewe kilitoa ruhusa ya kuuliza. Mwongozo wa TANU wa Februari 1971, kifungu cha 15, ulikataza viongozi kuwa na majivuno, dharau na uonevu. Wafanyakazi wa viwanda, Dar es Salaam hasa, walikichukua kifungu kile kama nyundo. Kuanzia 1971 hadi 1973 wakagoma, wakawafungia mameneja nje ya geti, na mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel wakakiendesha wenyewe. Madai mengi yalikuwa ya namna walivyosemeshwa na kuamriwa. Moto ule ulizimwa na serikali ile ile iliyouwasha. Miaka 10 baadaye, mwaka 1983, tukapata Sheria ya Nguvu Kazi iliyotaka kila mwenye uwezo awe na shughuli inayotambulika na kitambulisho cha kuionyesha. Kadi tena, jamani.

Mkonge nao ulikuwa umekwisha kuanguka. Mwaka 1964 Tanzania ilizalisha kama tani 230,000, nyingi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Kisha kamba za plastiki zikaingia sokoni na bei ikaporomoka. Serikali ilichukua mashamba mengi mwaka 1967, mashirika ya umma yakajaribu, uzalishaji ukaendelea kushuka hadi kufika sehemu ya kumi au hivi ya ule wa zamani. Kambi zikabaki na wazee ambao kwao ni Kigoma, Njombe au Burundi na hawana tena mtu wa kumwendea huko. Mashamba yakabinafsishwa mwaka 1998.

Kisha likatokea jambo ambalo wale wa mwaka 1907 wasingeliamini. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 katika mashamba ya Hale, Magoma, Mwelya, Ngombezi na Magunga wakulima wadogo walianza kupewa sehemu wapande mkonge wao, wakate wenyewe, na korona iwasindikie. Baadhi yao ni watoto na wajukuu wa manamba. Anayekata sasa anakata jani lake. Na maswali yakaanza upya siku ya kwanza: jani langu limetoa nyuzi kilo ngapi, nani alipima, makato haya ni ya nini, kwa nini mkonge wangu umelala pembeni ya barabara unakauka wakati korona imesimama. Malalamiko yakawa makubwa hadi serikali ikaingilia kati katika miaka ya karibuni, na wakulima sasa wanaendesha mambo kupitia vyama vyao vya ushirika, AMCOS.

Niliwahi kukaa kwenye kikao kimoja cha namna hiyo, nikiwa nimetumwa kuandika habari ya mgeni rasmi. Mgeni alihutubia kwa muda mrefu kuhusu kufanya kazi kwa bidii na kuachana na kilimo cha mazoea, akapigiwa makofi. Yalipofika maswali, mama mmoja aliyekaa nyuma alisimama akiwa na karatasi ya malipo mkononi. Bidii hakuigusa kabisa. Aliomba asomewe mstari wa tatu, ule wa makato, aelezwe ni nini, na hakukaa chini mpaka karani alipokwenda kuleta daftari.